Bei ya Kumfukuza Mteja

Nachingwea,
2 Juni 2025.

Mpendwa dada Teodosia,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwanza nakuuliza habari za kifua chako na baridi ya Songea. Baba anasema miezi hii watu wa huko huota moto hata mchana, sijui kama ni kweli au ni maneno yake. Sisi huku Nachingwea ni wazima. Goti la baba linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Ufuta wa kijijini kwetu Mtua mwaka huu si haba. Mimi nakula, nalala, nafanya kazi.

Barua yako ya Pasaka nilikabidhiwa na katekista Alfred. Najua manovisi hamruhusiwi simu, kwa hiyo naandika kwa mkono, univumilie mwandiko. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, Mama Mlezi anataka kujua mtu anapangaje bei ya picha iliyochorwa kwenye mashine, maana kuna novisi mwenzenu mwenye kipaji na nyumba inataka auze kadi. La pili, umeomba picha ya mama ya kuweka kwenye kitabu chako cha sala kabla ya nadhiri za mwezi wa nane. Nitajibu yote mawili. Naanza na la kwanza kwa sababu ni jepesi.

Mwambie mwenzenu asianze kama nilivyoanza mimi. Mwaka wa kwanza mtu akiniuliza bei nilikuwa nasema atoe chochote, na watu walikuwa wanatoa chochote kweli. Mmoja alinipa soda, akaondoka na chupa akairudishe dukani. Nikitaja bei walikuwa wananiambia, "Si unabonyeza tu, Gaude? Kwani rangi unanunua?" Aliyenitoa huko ni Saada, yule mwenye steshenari karibu na soko ambaye ninakaa dukani kwake na kishikwambi changu cha kuchorea. Aliniambia fundi cherehani naye anakanyaga tu, lakini hakuna anayemwambia hivyo, kwa sababu ameandika bei ukutani.

Basi tukakaa tukapanga. Kwanza nahesabu muda wa kuchora, nikiandika kwenye daftari langu la kila siku nimeanza lini na kumaliza lini, maana bila kuandika mtu hujipunja mwenyewe. Naongeza bando, umeme, na kidogo cha kununulia kishikwambi kingine hiki kikifa. Marekebisho mawili ni bure. Kuanzia la tatu mteja analipia, na utashangaa watu wanavyoanza ghafla kuipenda picha ilivyo. Nusu ya malipo inatangulia kabla sijagusa kalamu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba lazima uulize picha inakwenda kufanya kazi gani. Kadi ya harusi inatazamwa wiki moja inatupwa. Picha ya kwenye bidhaa itamwingizia mtu fedha miaka, na bei yake haiwezi kuwa ya kadi. Tena mteja akitaka iwe yake peke yake, pamoja na rasimu zote, na wewe usibaki na chochote, hapo unapanda juu kabisa. Hayo ndiyo ninayoyajua. Mama Mlezi akiona yanafaa, nashukuru.

Sasa la pili.

Unajua mama hakupenda kupigwa picha. Zile chache zilikuwa kwenye simu ya baba iliyoibiwa mnadani. Kitambulisho chake cha kura kimefifia, kimebaki kilemba na kivuli. Wewe ulikuja siku mbili za msiba ukarudi, hukupata nafasi ya kutafuta. Mimi nilitafuta kote, nikaenda mpaka Chiola kwa shangazi Gaudensia, wajina wangu, hakuna kitu.

Tulipoanua matanga nikarudi mjini, nikaanza kumchora mama kwa kichwa. Sikuwa nalia, Dada. Watu walidhani najikaza, lakini sikuwa na kitu cha kujikaza nacho. Nilikuwa nachora jioni, nafuta, nachora. Nilimchora akibangua korosho, kama tulivyokuwa tukimwona, majivu mikononi na vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Mwezi wa pili picha ikatoka. Nilijua imetoka kwa sababu nilishindwa kuiangalia muda mrefu. Nilipanga kukupa wewe siku ya nadhiri. Sikumwonyesha mtu.

Mwezi uleule alikuja mteja wa Ruangwa, Bwana Awadhi, anayefungasha korosho za kukaanga. Alitaka mama wa kijijini wa kuweka kwenye pakiti, mwenye sura ya kuaminika. Nilimchorea wawili. Kuhusu wa kwanza akasema yuko kama nesi, kuhusu wa pili akasema huyu atanidai kodi. Alikuwa anazisogeza picha mwenyewe kwa kidole, akapitiliza, akafika kwa mama. Akaikuza kwa vidole viwili. Kisha akasema, huyu ndiye.

Nilimwambia huyo hauzwi. Akacheka, akasema, "Dada yangu, kila kitu sokoni kina bei, wewe itaje tu nishtuke." Ningeweza kumwambia ni mama yangu na amefariki. Mpaka leo sijui kwa nini sikusema. Nilichofanya ni kutaja bei ya kumfukuza. Unajua sisi kwetu mtu hupandisha bei ili mwenzake apunguze, wakishindwana kila mtu anakwenda zake bila ugomvi. Kwa hiyo nikarundika kila kitu: picha yenyewe, matumizi ya miaka yote, rasimu zote, marekebisho, na kufuta kila nakala nisibaki na hata moja. Nikasema laki nane. Saada aliacha kutoa fotokopi akanitazama.

Bwana Awadhi hakupunguza hata shilingi. Alisema sawa, akatoa simu, nusu ikaingia pale pale. Nilijifunga kwa kanuni zangu mwenyewe, hizi nilizokuandikia huko juu. Mtu akishakubali bei yako mbele ya shahidi, utamwambia nini?

Kisha yakaja marekebisho. Akataka majivu yatoke mikononi, na vidole visafishwe. Akataka uso upunguzwe umri. Mwishoni akataka mama acheke, meno yaonekane, kwa sababu mteja hanunui kitu kwa mtu aliyenuna. Hakuwa amenuna, ila sikumweleza. Nikafanya. Nilikwenda Ruangwa kukabidhi, na mbele yake nikafuta rasimu zote pamoja na ile ya kwanza. Hata hakuangalia, alikuwa anaongea na simu juu ya maboksi. Siku hiyo kwenye daftari niliandika tu: "Nimekabidhi kazi. Mvua kidogo."

Pakiti zimeshafika kwenye maduka ya huku. Wiki iliyopita baba alinunua moja pale Mtua, akaigeuza, akaniuliza huyu mama ni wa wapi. Nikasema sijui. Akasema, "Huyu hajawahi kubangua korosho. Angalia vidole." Akaichana, akala, akanigawia. Saruji na msalaba wa kaburi la mama, ambavyo alidhani nimevinunua kwa akiba, vimetoka kwenye fedha hiyo. Sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza.

Kwa hiyo, Dada, picha ya mama sina. Nimeiuza.

Nimejaribu kumchora tena. Mkono unatoa yule wa pakiti, anacheka. Nikimfunga mdomo anakuwa mtu mwingine, nesi, au yule wa kodi. Nikifumba macho namwona kwa meno yale niliyomtilia mimi. Nakumbuka kwamba akivunja ganda alikuwa anabana mdomo ili mafuta yasimrukie. Nakumbuka kwa maneno, lakini kule kubana hakunijii machoni. Wewe ndiye uliyekuwa unakaa mbele yake na nyundo yako ndogo, mimi nilikuwa nakaa ubavuni.

Ninakuomba uniandikie. Usiniandikie kwamba alikuwa mama mwema, hilo tunalijua. Niandikie mdomo wa chini uliingia ndani au ulibaki nje. Ulipindia upande gani. Kidevu kilipanda? Andika kama unavyoungama, bila kupamba. Na kama umenikasirikia, andika kwanza mdomo, hasira ifuate.

Baba anakusalimu, anasema atakuja kwenye nadhiri, goti likikataa atakuja na fimbo. Shangazi anakusalimu, na Saada pia. Anakuombea kwa namna yao. Wasalimie wenzako wote na Mama Mlezi.

Ndani ya bahasha nimekunja pakiti moja tupu, nimeiosha chumvi. Iangalie au uitupe. Kilemba ni chake. Hicho Bwana Awadhi hakuniambia nikibadilishe.

Ni mimi mdogo wako,
Gaudensia