Mashine ya Nane au ya Ishirini na Tano

Jumamosi, 3 Juni

Mashine ya kuchomelea imeondoka leo. Mnunuzi ameibeba kwenye mkokoteni pamoja na nyaya zake na ile barakoa ya chuma yenye kioo cheusi. Baba alisimama mlangoni mwa karakana akimwelekeza jinsi ya kuzikunja nyaya zisikatike. Kama mtu anayemkabidhi mwingine mtoto. Kisha akasema, haya, sasa tutanunua mashine ya boti.

Boti imekaa uani tangu niko darasa la pili. Baba aliipata kwa kuchomelea mageti ya hoteli moja — hoteli ikafungwa, wakakosa cha kumlipa, wakampa boti. Ya faiba, ya kutembelea tu bwawani siku za mapumziko. Kwetu haijawahi kugusa maji ila ya mvua.

Daktari alishatueleza: misuli ya mikono ya Baba ndiyo imeanza kudhoofu, mingine itafuata. Hakusema lini. Sikuuliza. Laiti ningeuliza!

Jumapili, 4 Juni

Baba Mdogo kaja. Nyuma ya boti kuna kibao: watu wasizidi watano, mashine isizidi nguvu za farasi ishirini na tano. Baba anataka hiyo hiyo ishirini na tano, kamili. Mama anataka ya nane. Baba Mdogo anataka arobaini, ingawa boti si yake.

"Shemeji, nane ni ya kukorogea chai," alimwambia Mama.

Mama akamjibu kwamba hata hiyo chai anayokunywa hapa kila Jumapili hajawahi kuikoroga mwenyewe. Tulicheka wote. Baba alicheka mpaka kikombe kikamtoka mkononi. Hakuna aliyekimbilia kukiokota. Tungeonekana tumeona.

Nikawaeleza nilichosoma. Mashine ikiwa kubwa mno, uzito wake unazamisha tezi, yaani nyuma, omo ya mbele inainuka, na kwenye kona boti inaweza kupinduka. Ikiwa ndogo mno, boti inajikokota, na upepo ukiikuta katikati ya bwawa hairudi. Jibu linategemea uzito wa watu. Baba Mdogo akasema profesa ameshatoa hukumu, twendeni mizani.

Jumanne, 6 Juni

Tumepimwa kwa muuza vyuma chakavu, mteja wa Baba wa siku nyingi. Mizani yake ni ile ya jukwaa, ya kupimia mabati. Alipanda Mama, akapanda mdogo wangu huku akirukaruka mpaka akakemewa, nikapanda mimi. Baba wa mwisho.

Muuza vyuma alisogeza kile kipande cha kupimia, akakirudisha, akakisogeza tena. Hamsini na nne. Baba, aliyekuwa akibeba nondo begani!

"Nimeshuka bei," Baba akasema.

Muuza vyuma hakucheka. Aliitazama mizani yake kana kwamba imemkosea adabu.

Nimejumlisha: sisi wanne, boti, petroli, na mashine yenyewe. Kumi na tano inatosha kabisa. Nilifurahi, nikadhani nimepata la kuwapatanisha. Wote wawili wamekataa. Baba kashikilia yake, Mama yake. Nadhani ni ubishi tu wa watu wazima.

Ijumaa, 9 Juni

Si ubishi.

Umeme ulikatika mchana. Jirani akamwomba Baba aje amwashie jenereta, maana kila siku ni yeye anayeiwasha. Baba alishika kamba, akavuta. Mkono ukafunguka wenyewe. Akavuta tena — kamba ikabaki, mkono ukaja mtupu. Mara ya tatu hakuvuta, aliinama tu, akajifanya anachunguza kitu. Akamwambia jirani plagi imechafuka, aipeleke kwa fundi.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Baba alinipita bila kuniangalia.

Ndipo nikakumbuka maneno ya muuzaji wa mashine za boti, juzi tulipokwenda dukani kwake kuulizia. Ya nane na ya kumi na tano zinawashwa kwa kamba. Ile ya ishirini na tano ina betri na ufunguo, kama gari. Ufunguo Baba anaweza kuuzungusha. Bado anaweza.

Nilimwambia Mama tukiwa tunaanua nguo. Alisimama na shuka mkononi. Akaniambia na yeye ana sababu yake. Wezi hawaachi mashine kwenye boti, kila siku lazima ifunguliwe na kuingizwa ndani. Ya nane alishaijaribu dukani, anaibeba peke yake. Ya kumi na tano haibebi. Ya ishirini na tano ni ya wanaume wawili.

"Nilikuwa nawaza nani atanisaidia," akasema. Akakunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. "Basi achukue hiyo yake. Nitaibeba hata kwa meno."

Jumamosi, 10 Juni

Naandika hapa dukani kwa muuzaji wa mashine, nje, nimekaa juu ya kreti. Nimetoka masomo ya ziada moja kwa moja, begi ninalo.

Mama alianza yeye. Alimwambia muuzaji tunataka ile ya ufunguo. Nilimwangalia Baba nikitegemea atafurahi. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya ile ya nane, imefungwa kwenye stendi, propela yake ndani ya pipa la maji. Akaniita mimi, binti yake, kwa lile jina la kunidekeza.

"Mama, njoo uvute. Usivute kwa mkono. Vuta kwa kiuno."

Mara ya kwanza kimya. Ya pili ikakohoa. Ya tatu ikashika! Moshi, maji yakaruka, mdogo wangu akapiga makofi. Baba alinishika bega. Mkono wake mwepesi, kama kitambaa.

"Tunachukua hii," akasema.

Mama akasema hapana, tumekuja kuchukua ya ufunguo. Baba akasema hii hapa binti yako ameiwasha, na wewe unaibeba, sasa ufunguo wa nini? Muuzaji akataka kusaidia. Akasema inategemea mzigo — kwa kawaida mtakuwa watu wangapi?

"Watatu," Baba akasema.

"Wanne," Mama akasema.

Walisema kwa pamoja. Muuzaji akacheka, kisha akaacha. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kumsahihisha Baba kwamba amesahau kujihesabu. Nikaufunga.

Nimetoka. Ndani wanasemezana kwa sauti ya chini, sisikii neno. Sasa muuzaji naye ametoka, kalamu nyuma ya sikio. Anasema wazazi wamemwambia mwenye hesabu ni mimi. Niandike wangapi, binti?

Nimemwambia anisubiri kidogo, bado napiga hesabu. Amesimama mlangoni. Ananiona naandika, anadhani ni kweli.