Daftari la Ikonongo

Kalangalala, Geita
3 Machi 1983

Mwanangu Theopista,

Pokea salamu zetu. Melania ananitunza vizuri, mvua imenyesha, na goti langu linauma kama siku zote. Wewe na watoto mnaendeleaje huko Dar es Salaam?

Sasa niseme linalonikera. Sabuni ulizonitumia zilifungwa kwa waraka wa Chama chenu cha Wakutubi wa Vyuo. Ukurasa wa tatu unasema daftari la Ikonongo “limegawanywa kwa vikundi vitatu vya fani: Ramani, Kilimo na Fasihi Simulizi.” Nimempa Melania asome kwa sauti, nikitumaini ni macho yangu yanayonidanganya.

Daftari la kijiji kizima linagawanywaje? Nilikukabidhi mwaka juzi kwa sababu uliniambia mchwa wa Geita watalila. Mchwa wangeanzia pembeni.

Nijibu upesi.

Baba Mdogo wako,
Telesphori


Dar es Salaam
27 Machi 1983

Shikamoo Baba Mdogo,

Pole sana na goti. Sisi tu wazima, na mtoto wangu wa mwisho ameota meno.

Ni kweli. Katika mkutano wa mwaka kila kikundi kilidai daftari ni lake. Ramani walitaka michoro yako ya njia, Kilimo walitaka habari za mbegu, Fasihi Simulizi walitaka nyimbo. Walibishana siku mbili mpaka wakaacha kukaa meza moja wakati wa chakula. Mwenyekiti wetu, Bwana Otmar, akasema lifumuliwe, kila kikundi kichukue karatasi za fani yake. Mimi ndiye katibu. Nilishika kisu, nikakata uzi.

Niliona ni heshima. Katika maktaba ndivyo tunavyopanga, kila kitu na mwenzake. Nilidhani utasomwa mahali patatu badala ya mahali pamoja tu.

Mwanao,
Theopista


Kalangalala
11 Aprili 1983

Theopista,

Tu wazima. Salamu ndefu leo sina.

Unaniambia heshima. Mwaka 1974, magari yalipokuwa yanakuja kutuhamisha kutoka Ikonongo kwenda vijiji vya ujamaa, nilikuwa na siku nne. Nilianzia kisimani, nikapita nyumba kwa nyumba, zote thelathini na moja. Kila mlango karatasi tatu: njia ya kufika, kilichopandwa shambani, na wimbo unaoimbwa pale. Kwa Paskazia nilichora mteremko wake, nikaandika mtama wake mwekundu, nikaandika wimbo aliokuwa akitwangia. Yule alikuwa mtu mmoja. Nyinyi mmepeleka miguu yake kwa Ramani, tumbo lake kwa Kilimo na mdomo wake kwa Fasihi, kisha mmepigiana makofi.

Na sikuweka namba za kurasa. Kila aliyezaliwa Ikonongo alijua baada ya mlango huu unafuata upi. Leo wengine wako Chato, wengine wanachimba dhahabu Mwakitolyo, Paskazia amekufa. Anayeweza kuzipanga zile karatasi ni mimi peke yangu, nami nina miaka sabini na sita.

Zirudi zote, nikiwa hai. Kabla ya hapo usiniandikie habari za meno.

Telesphori


Dar es Salaam
30 Julai 1983

Shikamoo Baba Mdogo,

Barua zangu tatu hukuzijibu. Melania ameniandikia kwamba unazisoma, kwa hiyo naendelea.

Nilipeleka ombi kwenye kamati. Bwana Otmar alicheka, akauliza kama mzee anataka daftari lake la shule. Akasema, “Katibu, huruma si fani.”

Nikamwambia, “Mwenyekiti, walioandikwa humo ni majirani zangu.”

Nimeacha ukatibu. Nimekwenda kikundi kwa kikundi na kuzichukua karatasi zako kwa mikono yangu. Kilimo walinipa siku ileile. Fasihi walinizungusha mwezi mzima. Ramani walikuwa wamezibandika za kwao kwenye mbao za maonyesho kwa gundi. Nilizibandua kwa maji, moja ikachanikachanika, haisomeki. Kati ya tisini na tatu zimebaki tisini na mbili. Shemeji yangu Marselino anakuletea mwenyewe. Nimemkataza kuziweka juu ya basi.

Nisamehe, Baba Mdogo.

Mwanao,
Theopista


Kalangalala
2 Septemba 1983

Mwanangu Theopista,

Hatujambo. Marselino alifika salama, bahasha ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Tulizitandaza mkekani, Melania akisoma, mimi nikisema ziende wapi. Ilituchukua siku tano. Kwa Mageni tulikwama, nikasahau kama mlango wake ulitangulia wa Apolonia au ulifuata. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yako. Asubuhi nikakumbuka mbwa wa Apolonia, jinsi tulivyompita kwanza. Zikakaa.

Iliyokosekana ni njia ya kufika kwa babu yako. Mtama wake upo, wimbo wake upo. Mtu hawezi kufika mlangoni.

Bado nimekasirika, wala sitakudanganya kwamba imekwisha. Nimeacha pengo pale, na daftari sijalishona. Likizo ya Desemba njoo na uzi imara na karatasi moja nyeupe. Nitakutembeza kwa mdomo kutoka kisimani hadi mlangoni kwa babu yako, nawe utachora, kwa mkono uleule ulioshika kisu.

Watoto uje nao. Nataka kuyaona hayo meno.

Baba Mdogo wako,
Telesphori