Hiyo Ilikuwa Zamu ya Abdishakur

Golbanti,
Garsen.
14 Agosti 2025

Mpendwa ndugu yangu Karisa,

Hujambo huko Doha na joto lenu? Unakula vizuri? Sisi hapa tu wazima. Magoti yangu yananisumbua kama kawaida yake, lakini shambani nafika hivyo hivyo. Simu yako inalia mpaka inakata yenyewe, basi nikaona nikuandikie. Barua haina kukata.

Jumamosi nilikuwa Garsen kwenye michezo ya vijana ya kanda. Watu walijaa uwanjani kutazama kandanda na mbio. Mimi nilikaa ukumbini kwenye tenisi ya meza, maana binti yako Mbodze alikuwa anacheza fainali ya wawili wawili, mvulana na msichana. Mwenzake ni Abdishakur, kijana wa Dagane mwenye duka pale stendi. Wamefanya mazoezi mwaka mzima nyuma ya duka, kwenye meza waliyoiunga wenyewe kwa mbao za makreti.

Mchezo huo una kanuni niliyofundishwa siku hiyo hiyo. Mkicheza wawili, mnapiga kwa zamu: ukishapiga, unampisha mwenzako. Ukipiga kwenye zamu yake, hata upige vizuri vipi, pointi ni ya wapinzani.

Seti ya mwisho, wa Malindi walikuwa na kumi, wetu tisa. Mpira ukaja pembeni kabisa. Ilikuwa zamu ya Abdishakur, naye alikuwa mbali. Mbodze akaona hatafika, akaupiga yeye. Uligusa kona ya meza, hakuna aliyeuwahi. Nikapiga kigelegele, Karisa, kirefu hicho! Kumbe niko peke yangu, refa ameshawapa wa Malindi ushindi. Mpaka leo naona haya kupita pale ukumbini.

Abdishakur hakukasirika. Alimwambia tu, "Hiyo ilikuwa yangu, Mbodze. Mimi nilikuwa nafika. Si ungewachia mimi?"

Mtoto hakulia mbele ya watu. Alilia tulipotoka nje, akaniambia, "Shangazi, nimezoea. Mimi nisipofanya, nani atafanya?"

Niliumia sana. Tangu tumzike mkeo Truphena mwaka jana, ni yeye anayepika, anayefua, anayekaa na wadogo zake kwenye vitabu vyao. Ana miaka kumi na tisa tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli, mimi shangazi yake nilikuwa nauona mwepesi. Tulimpa jina la mama yetu, wewe mwenyewe ukawa unamwita Mama, tukampa na kazi za mama juu yake.

Sasa nisikilize. Pamoja na kushindwa, wameitwa wote wawili kwenye kambi ya mazoezi Mombasa, miezi miwili, kuanzia tarehe mosi Septemba. Amekataa. Nimemwambia wadogo zake nitakaa nao mimi, ananijibu magoti yangu hayawezi. Neno atakalolikubali ni lako tu, na tangu mazishi hajalisikia.

Sikulaumu, ndugu yangu. Najua sauti yake ni ya mamake mtupu. Hata mimi akiniita kutoka jikoni hushtuka. Lakini yeye hajui hilo, anadhani umemchoka.

Barua hii atakutia mkononi Ayan, dada yake Abdishakur, anayerudi kazini huko. Dagane anakusalimu. Lorna na Josiah wanao wanakusalimu pia. Josiah amepoteza meno mawili ya mbele, akicheka utamhurumia.

Mungu akulinde ugenini, akupe na nguvu ya kuishika hiyo simu kabla ya tarehe mosi. Ukikosa la kumwambia mtoto, chukua maneno ya Abdishakur: "Mama, hiyo ilikuwa yangu. Wachia mimi."

Ni mimi dadako, nikupendaye vile vile,
Kadii