Nani Anakuona Ukiamka?

Jumatatu, 4 Machi

Leo mkono umegoma tena. Nilikuwa namnyoa yule mhasibu mwenye paji pana. Nimemaliza juu ya sikio, nataka kuuweka mkasi chini — vidole haviachii! Vimeung'ang'ania kama kupe. Nikajifanya nakagua kazi yangu kwenye kioo mpaka vikalegea kimoja kimoja. Mhasibu akauliza kama namnyoa au nampiga picha. Tumecheka wote, isipokuwa Bosi. Mkasi karibu na sikio la mtu si jambo la mzaha, najua.

Miguu nayo vilevile. Nikikaa sana, mapaja yanakuwa mbao. Nikishatembea kidogo yanalainika, utadhani hakuna kilichotokea.

Alhamisi, 7 Machi

Zahanati. Foleni mpaka makalio yamekufa ganzi. Kuitwa — nimeinuka kwa kushika ukuta, wamama wenye watoto wananitazama. Koridoni nikaanza kulainika. Kufika mezani kwa daktari, mzima wa afya! Kunja ngumi, nimekunja. Chuchumaa, nimechuchumaa. Kijana wa watu akasema ni umri na mawazo, nipunguze mawazo. Nimepewa vidonge vya vitamini. Ugonjwa huu una adabu mbele ya wakubwa.

Jumanne, 12 Machi

Bosi anawapeleka wateja wangu kiti cha pili. Hagombi. Anawaambia tu kule feni inafika vizuri.

Akinitoa, naenda wapi? Sina kazi nyingine ninayoijua. Siku nzima nashika vichwa vya watu, na hakuna anayenigusa mimi. Sijui kwa nini nimeandika hivyo.

Jumatano, 20 Machi

Hospitali kubwa. Daktari bingwa wa misuli na mishipa ya fahamu — mama mtu mzima, anasikiliza bila kutazama simu. Amesema kukakamaa kwa namna hii kunajua kujificha, anataka maelezo ya mtu ninayeishi naye. Bila hivyo atabahatisha tu. Akauliza:

"Nani anakuona ukiamka?"

Nikasema mke wangu.

Mke! Aliondoka miaka sita iliyopita! Lakini kumwambia yule mama kwamba hakuna mtu — nimeshindwa, aibu ilinitangulia mdomoni. Basi ameandika: Jumatano ijayo aje na mkewe.

Kinyozi hajinyoi, sawa. Na asiye na wa kumnyoa je?

Ijumaa, 22 Machi

Nimempigia mtalaka wangu. Salamu ndefu, za watu wasiojuana. Nimemweleza yote, na uongo wangu pia. Kisha akauliza: vichwa vyote hivyo nilivyonyoa, nimekosa hata rafiki mmoja? Nikasema nimekosa. Akasema ataangalia.

Jumatatu, 25 Machi

Hajapiga. Leo Bosi kanipa ufagio, nifagie nywele walizonyoa wenzangu.

Jumatano, 27 Machi

Amekuja! Kachelewa, kavaa gauni la bluu, kaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu kwenye benchi. Tumeongea habari za goti la mama yake. Nimefurahi mpaka nikaona haya.

Ndani, daktari alitukalisha. Akawa anaandika, anaandika, hatuulizi kitu. Ghafla akaniambia niinuke haraka. Sikuweza. Nimekwama nusu, mikono kwenye kiti, jasho linanitoka. Na yeye kakaa pale pembeni ananiona.

Daktari akamgeukia. "Mama, umewahi kumwona hivi?"

Alinitazama muda mrefu.

"Mara moja," akasema. "Siku niliyoondoka. Nilisimama mlangoni na begi langu, namsubiri ainuke. Akakaa tu."

Mungu wangu. Siku ile hata mimi nilidhani ni uchungu ulionikalisha. Nilipofika mlangoni gari lilikuwa limeshakata kona. Miaka yote hii nimejiita mjinga, na yeye kaniita sijui nani.

"Nilikuwa nainuka," nimesema.

Alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Daktari akamwomba asubiri nje, wanaleta mashine ya kunipima misuli.

Nimebaki peke yangu juu ya kitanda, naandika. Wamefunga mlango. Sijamsikia akikaa kwenye benchi. Sijamsikia akiondoka pia.