Samaki wa Mdomo Laini

Toronto, mwezi wa tano

Shikamoo Baba,

Najua barua hii anakusomea Dada Vero, kwa hiyo nianze na yeye. Dada, soma polepole, na pale nitakapojiaibisha usianze kucheka kabla hujamaliza sentensi. Baba, habari za macho? Daktari wa Mwanza alisemaje mara ya mwisho? Na mgongo je, bado unakusumbua ukiinama? Sisi hapa wazima. Barafu imeyeyuka, watu wametoa baiskeli za watoto uani na kila mtu ghafla ni rafiki wa kila mtu. Mama Nyangeta yuko kazini, amesema nisisahau kukupa salamu zake, naziweka hapa mwanzoni nisije nikalaumiwa.

Kuna jambo linanikaa rohoni, nilitoe kwanza. Uliponipigia simu ukasema tumlete Nyangeta Desemba, umwone uso kabla macho hayajazima kabisa, nilikujibu kwamba ana mitihani. Baba, nilikudanganya. Hana mtihani wowote wakati wa likizo. Ukweli ni kwamba alikataa. Alisema hakujui, Kiswahili chake kitachekwa, na atakaa wiki tatu akitazamwa na watu asioweza kuzungumza nao. Mimi nikamfokea. Nikamwambia amebeba jina la marehemu mama yangu na hana haki ya kusema hivyo. Nilifoka mpaka akaenda kufunga mlango wa chumba chake, na tangu siku hiyo mazungumzo yetu yakawa ya vyombo na takataka tu. Ana miaka kumi na mitano, lakini kununa ananishinda mimi mwenye arobaini na tatu. Niliona aibu kukuambia. Nisamehe.

Sasa habari za uvuvi, nawe utaona kwa nini nazileta.

Ofisini kwetu Markham yupo mhasibu mmoja, Mzee Murtaza. Ni Mhindi wa Tanga, alikuja huku kijana, anaishi Thornhill karibu na msikiti wao. Kiswahili chake bado ni kile cha Tanga, hakijaota kutu. Aliposikia mimi ni wa Musoma na sijashika mshipi tangu nihamie huku, alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Miaka kumi na sita, Magesa? Basi Jumamosi twende. Na binti yako umlete, apunge hewa." Nyangeta alikubali kwa sababu aliyemwomba hakuwa mimi.

Tulikwenda kaskazini mashariki, mwendo wa kama saa moja na nusu, kwenye ziwa ambalo wewe ungeliita bwawa. Rafiki yake ana gati dogo la mbao pale, na boti mbili zimefungwa ubavuni. Samaki wenyewe wanaitwa kropi. Ni bapa kama sato, mweupe wa fedha mwenye madoa meusi, na mkubwa wao hazidi kiganja chako sana. Anapenda kivuli. Anakaa chini ya gati, kwenye nguzo na chini ya matumbo ya boti, na huko ndiko unatakiwa umfuate.

Nilikuwa nimenunua vifaa vyangu kwa majivuno: mshipi mnene, ndoana ambayo ungeweza kuning'inizia mbuzi. Mzee Murtaza akaishika ile ndoana, akaigeuza. "Bwana wee, huyu samaki unakwenda kumvua au kumchinja?" Akanipa mshipi mwembamba nisiouona vizuri bila miwani, na kindoana chenye kichwa cha risasi kama punje ya choroko, kimevishwa manyoya meupe. Kukifikisha chini ya gati kuna ufundi wake. Unakishika kile kichwa cha risasi kwa vidole, unavuta mpaka fimbo inapinda, unaachia kama manati, nacho kinapita juu ya maji na kuingia kivulini. Mimi niliyeua ndege wangapi kwa manati, nilipiga ubavu wa boti mara tatu. Nyangeta aliingiza mara ya pili tu, wala hakunitazama.

Kisha samaki wakaanza kula. Baba, wewe ulinifundisha kwamba sangara akigusa tu, piga mkono kwa nguvu kabla hajafikiri. Nikapiga. Mshipi ukarudi mtupu. Nikapiga tena, mtupu. Wa tatu niliona kipande cha mdomo kimebaki kwenye ndoana. "Pole pole," Mzee Murtaza akasema, "mdomo wake karatasi tupu. Ukimkurupua unabaki na mdomo, mwenyewe anakwenda zake. Inua tu fimbo, basi." Nilielewa vizuri kabisa, na wa nne nikampiga vilevile. Mkono hausikii.

Nikajitetea kwamba ndivyo Baba alivyonifundisha. Nyangeta akageuka. Aliuliza kwa Kiingereza, ndiyo, lakini akageuka. "Babu alikufundisha nini kingine?"

Nikamweleza jinsi ulivyokuwa ukilaza mshipi juu ya kidole cha shahada na kufumba macho, ukisema macho yanauchanganya mkono. Akalaza mshipi kidoleni, akafumba macho pale ukingoni mwa gati. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuogopa asitumbukie. Halafu akainua fimbo taratibu, na kropi akaja juu akimetameta. Mpaka saa sita mchana alikuwa na tisa. Mimi wawili. Mzee Murtaza alipata na kambare mmoja mzuri, akanisukumia: "Hana magamba, sisi Mashia hatumli. Wa kwako." Kwa hiyo kambare nilimla kwa hisani ya dini ya mwenzangu.

Ndani ya gari, wakati wa kurudi, Nyangeta akaniuliza kama mtu asiyeona anaweza kuvua. Nikasema mwenye kujua hilo ni Babu. Baba, nilitaka sana kumwambia hapohapo, basi twende Desemba ukamwulize. Maneno yalifika mdomoni. Nikayameza, nikaangalia barabara. Sijawahi kunyamaza kwa taabu vile.

Jioni aliniona naandika, akauliza ni kwa nani. Nikamwambia. Akasema nimwachie nafasi chini ya karatasi, na nisisome.

Msalimie Shangazi Nyamisi anayekupikia uji, mwambie khanga aliyompa mgeni wetu atuletee ilifika. Mjomba Mafuru, fundi wa mitumbwi, naye asisikie habari ya ile ndoana. Dada Vero, asante kwa sauti yako.

Mimi mwanao,
Magesa

(Nimesoma, Baba. Nilishindwa kujizuia.)

Babu shikamoo. Mimi Nyangeta. Kiswahili changu ni kidogo, usicheke sana. Desemba ninakuja. Kama macho yako yamechoka, si neno, nitakaa karibu na utashika uso wangu. Halafu twende ziwani, mimi na wewe tufumbe macho. Baba asije. Anavuta mshipi kwa nguvu sana.