Mitende Saba ya Barazani

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua mwandiko huu huutambui, maana uliponiona mara ya mwisho nilikuwa nikiandika herufi S imegeuka nyuma mbele. Ni mimi, Kijiti, binti wa mdogo wako. U hali gani? Na ile miguu iliyokuwa ikivimba, ilipata nafuu? Anuani yako nimeitoa kwa fundi cherehani wa hapa jirani, baada ya kumbembeleza miezi miwili. Anakusalimu sana.

Mimi ni mzima. Asubuhi napiga pasi kwa dobi, mchana nakaa na Baba. Mama alitutoka mwaka juzi, sijui kama ulipata habari. Baba naye macho yamemwisha. Anaona vivuli na umbo la mtu akisimama mlangoni, lakini herufi haoni hata moja. Karatasi yoyote inayoingia humu ndani mimi ndiye ninayemsomea. Kutwa anakaa barazani, chini ya ile mitende saba. Anasema bila kivuli chake hata saa asingeijua.

Sasa mitende inaumwa, Shangazi. Majani ya chini yamegeuka njano na ncha zimekauka kabisa. Nilimuuliza Baba nifanye nini, akanijibu, "Miti niliyoipanda mwenyewe unanifundisha?" Nakumbuka kwa mbali wewe na ndoo, ukiisemesha miti ile kama watu. Naomba unielekeze. Baba hajui kwamba nakuandikia, na jina lako bado halitajwi humu.

Mwanao,
Kijiti

21 Februari

Mwanangu Kijiti,

Marahaba, marahaba mara mia. Barua yako niliisoma nimesimama kitaluni ninapofanya kazi, mpira wa maji mkononi, nikaja kushtuka miche ya watu inaogelea. Mimi nipo. Miguu bado inavimba lakini inanibeba. Pole kwa kuondokewa na mama yako. Hakuna aliyeona kuna haja ya kuniambia.

Kwa hiyo Bwana Mkubwa haoni. Nikikwambia nimelia nitakuwa nakudanganya.

Eti ameipanda mwenyewe! Mitende ile niliichimbua ikiwa maotea, vichipukizi vya shinani mwa mitende mikubwa, kila mmoja mfupi kuliko wewe ulivyokuwa siku niliyoondoka, nikaibeba kichwani mmoja mmoja. Miaka kumi na mmoja niliinywesha maji ya kusuuzia nguo. Yeye kazi yake ilikuwa kuning'iniza shati lake kwenye miiba. Halafu alipopandishwa cheo, akanitolea sanduku langu barazani mchana kweupe, majirani wakichungulia juu ya ukuta, akasema mwanamke aliyeachika ni mkosi katika nyumba ya mtu mwenye heshima. Mimi niliyembeba yeye mgongoni utotoni, mama yetu alipokuwa mgonjwa. Asante ya punda ni mateke. Wewe uling'ang'ania sketi yangu mpaka ikachanika, na yeye ndiye aliyekubandua vidole.

Haya, tuyaache. Umeniuliza habari za miti. Chukua msumeno na ngazi, uvae glavu nene, maana ile miiba ya kwenye kikonyo haina huruma. Kata majani yote ya njano, yote, hadi shinani. Jani la njano ni mgeni asiyeaga, anakula tu. Usiweke jivu wala samadi, mti mgonjwa ukiushindilia chakula unavimbiwa. Ukimaliza niandikie, unieleze kila kitu.

Shangazi yako

10 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku tunaendelea vizuri, ila mkono wangu umevimba. Mwiba mmoja ulipita glavu ukaingia kiganjani, na dobi akanicheka kwamba napiga pasi kwa mkono wa kushoto kama mtu anayefukuza nzi.

Nimefanya ulivyosema. Siku nne juu ya ngazi. Miti ilipendeza, ikawa mitanashati kama watu waliotoka kinyozi. Lakini baada ya majuma matatu majani yaliyofuata juu nayo yakageuka njano. Nikayakata. Sasa yanayofuata yameanza.

Niliogopa, nikamuuliza Baba: je, ni sawa kukata hivi? Akasema, "Ndivyo nilivyokuwa nikifanya siku zote. Kata." Kwa hiyo wewe na yeye mmekubaliana katika jambo moja duniani, nikafurahi peke yangu. Ila jana saa nne aliniuliza kwa nini jua linamfikia magotini.

Nifanye nini sasa?

Mwanao,
Kijiti

28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole na mkono. Loweka kwenye maji ya moto yenye chumvi, usiuchokonoe na sindano.

Alisema ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote? Andika tena maneno hayo katika barua ijayo, nataka kuyasoma mara ya pili. Nimecheka mpaka mwenye kitalu akaja kuuliza kama naumwa.

Usirudi nyuma. Dawa chungu ndiyo inayoponya. Kata ya njano kila yatokeapo. Na katikati kabisa, juu kileleni, utaona jani moja changa limesimama wima, limejifumba bado. Hilo nalo likate, ukate chini kabisa, mpaka uone nyama nyeupe. Mti unahitaji hewa. Anza na mti ulio karibu zaidi na kiti chake.

Na Bwana Mkubwa jua likimfikia usoni, uniambie amesema nini. Neno kwa neno.

Shangazi yako

17 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya kirefu. Sikuwa na la kuandika, na nililokuwa nalo sikuweza.

Mitano imekufa. Ule wa karibu na kiti ulianza. Kilele kilioza, kikatoa harufu, halafu siku moja kikadondoka chenyewe pembeni ya kiti cha Baba. Akapapasa kwa fimbo akiuliza nani amemwangushia mzigo. Minne mingine ikafuata. Miwili iliyobaki ni kwa sababu ngazi haikufika kileleni, nikawa nimekata ya chini tu.

Baba alisimama akaenda kuishika miti mmoja mmoja, akipandisha mkono hadi unapofika. Alipomaliza akaniambia, "Umeniulia miti. Sikukwambia ukate hivyo. Umefanana na shangazi yako, mkono wenu mkosi." Tangu siku hiyo, wiki ya tatu sasa, hali chakula nilichopika mimi. Fundi cherehani ndiye anayemletea. Akisikia hatua zangu anageuzia uso ukutani. Jua linampiga kuanzia asubuhi mpaka alasiri na hakubali nihamishe kiti.

Nimekaa nikijiuliza nimekosea wapi. Je, niliingiza msumeno sana? Glavu zilikuwa chafu? Nilifuata kila neno lako. Nieleze kosa langu, Shangazi, maana mimi ndiye niliyebaki naye, na nisiporudi moyoni mwake sina pengine pa kwenda.

Mwanao,
Kijiti

30 Agosti

Mwanangu Kijiti,

Marahaba. Kaa chini usome taratibu.

Hukukosea. Ulikata vizuri kuliko fundi yeyote niliyemfunza hapa kitaluni. Jani la njano la mtende halikatwi. Mti ukiwa na njaa unalinyonya jani la chini ili ulishe la juu. Ukiliondoa, unaanza kujila wenyewe kupanda juu. Ulihitaji jivu na samadi, basi, na mwaka mmoja wa subira. Na lile jani lililojifumba ndilo moyo wake. Mtende una moyo mmoja tu, hauchipui mwingine. Haya nayajua kama ninavyojua jina la marehemu mama yangu.

Nilikuelekeza hivyo makusudi. Miaka kumi na tano nimeishi na sanduku lile kichwani mwangu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Na tazama mungu wa haki alivyo mcheshi: mdogo wangu angeweza kuiokoa miti kwa neno moja. Ulimuuliza! Angekuwa ndiye aliyeipanda, angekunyang'anya msumeno siku ile ile. Lakini alitaka kuonekana mjuzi, akakwambia ndivyo alivyokuwa akifanya. Uongo wake mwenyewe ndio uliomkaanga.

Najua umeumia katikati. Pole. Wewe ulikuwa msumeno tu, na msumeno haushtakiwi. Akikufukuza njoo kwangu, kitanda kipo.

Sasa nakuomba jambo moja, na ni la mwisho. Mkalishe Bwana Mkubwa kwenye kiti chake, juani hapo hapo, umsomee barua hii. Kwa sauti. Kila neno, kuanzia jani la njano hadi sanduku. Ajue ni nani aliyeipanda na ni nani aliyeiua. Asipojua ni mimi, nitakuwa nimeua miti yangu bure.

Shangazi yako

12 Oktoba

Kwa Shangazi,

Salamu. Barua yako ilifika. Niliisoma chumba cha pasi kwa dobi, nikaunguza shati la mtu mgongoni. Kwa siku tatu nilikuchukia mpaka mate yakawa machungu. Nililia pia, sitaficha. Nilikushika sketi nikiwa na miaka saba, na miaka yote hii nilikuwa bado nimeishika. Ungeweza kumpiga yeye. Ungeweza kuja hapa mlangoni ukamtukana mbele ya majirani wale wale, na mimi ningekusaidia kupaza sauti. Ukaona bora utumie mkono wangu.

Siku ya nne nikatulia. Nikafanya ulivyoomba. Nilimkalisha Baba kwenye kiti, nikamwita fundi cherehani aje asikie, nikafungua bahasha yako karibu na sikio lake ili asikie karatasi ikikunjuka. Nikamwambia, "Ni barua ya Shangazi." Akashika fimbo. Nikasoma kwa sauti, pole pole.

Lakini sikusoma yako. Nilisoma hivi: "Mdogo wangu mpendwa, nimezeeka na akili inanipotea. Mtoto aliniomba ushauri wa mitende, na mimi kwa kusahau nikamwelekeza vibaya. Usimlaumu, alinitii tu. Na kwa yale ya zamani, mimi ndimi mkubwa, nilipaswa kujishusha. Nilikukosea. Naomba radhi kwako." Asali ya maneno yako ndiyo iliyonifundisha. Nilizisoma barua zako zote tena usiku wa kuamkia siku hiyo, nikaona namna unavyoanza na pole ya mkono uliovimba ndipo ufike kwenye msumeno.

Baba akalia, Shangazi. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa Mama. Akaninyooshea mkono, akaniomba msamaha kwa ajili ya chakula, na mchana ule akala wali niliopika mimi mpaka akakwangua sahani. Fundi cherehani ameueleza mtaa mzima. Watu wanakuja barazani kumpongeza kwa moyo wake mkubwa. Anawaambia, "Damu ni damu. Dada yangu amejirudi."

Amenituma nikuandikie maneno yake, na haya nayaandika kama alivyoyasema, sikuongeza wala kupunguza: "Dada, mitende ile niliipanda kwa mikono yangu na inaniuma kama watoto. Lakini umeomba, na mimi nimekusamehe yote. Rudi nyumbani."

Chumba chako cha zamani nimekifagia. Ukija, utapita katikati ya majirani kama mtu aliyesamehewa. Usipokuja, watasema umesamehewa ukatakabari. Ukisimama barazani ukamweleza ukweli, atakupapasa kichwa na kusema akili inakupotea, maana mwenyewe ulishamwandikia hivyo, na shahidi yupo. Mwosha huoshwa.

Mwenye kitalu cha huku amenipa ndoo mbili za jivu kwa ile mitende miwili iliyobaki. Majani ya njano nimeyaacha yalivyo.

Baba anasubiri jibu lako. Andika chochote unachotaka, kirefu utakavyo. Mimi ndiye nitakayemsomea.

Binti wa mdogo wako