Kiti Mbele ya Sahani ya Cucu

Jumatano, katikati ya Julai. Baridi ya Nyeri imeingia mpaka kwenye vidole, na mlima haujaonekana tangu Jumapili. Nimevaa soksi mbili mbili na bado naandika kwa mkono mmoja, huku mwingine ukiota joto kwapani.

Leo mchana nimelia mezani, mbele ya sahani ya viazi. Mimi, mwalimu mstaafu, niliyekuwa nikinyamazisha darasa zima kwa kukohoa tu.

Sababu ni paka. Au niseme ukweli: sababu ni kiti.

Naishi na mwanangu Ndirangu na mkewe Wairimu hapa Kamakwa. Wana paka mnono, rangi ya njugu, na jina lake ni hilo hilo, Njugu. Wiki iliyopita Wairimu alimpeleka kwa daktari wa mifugo, akarudi na habari kwamba Njugu amenenepa kupita kiasi, figo zimeanza kulalamika, na kwamba kuna mtu nyumbani anayemlisha vitu vya chumvi.

Mtu huyo ni mimi. Ngozi ya kuku, mafuta ya nyama, soseji, mahindi na maharagwe ya githeri yaliyokaangwa kwa kitunguu. Chochote kilicho kwenye sahani yangu, nusu ni yake. Wairimu alinisomea maagizo ya daktari kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Kikombe kidogo cha zile punje kavu za paka asubuhi, kimoja jioni, na maji safi. Nikitaka sana kumfurahisha, kipande cha nyama kilichochemshwa bila chumvi wala kitunguu, kisicho na mfupa. Maziwa ya ng'ombe asipewe, yanamharibu tumbo.

Nilitikisa kichwa kukubali. Halafu nikaendelea, chini ya meza.

Leo amenikamata. Hakunigombeza, Wairimu si mtu wa kugombana. Alivuta kiti tu, akaketi mbele yangu, akaweka mikono mezani.

"Mum, leo naketi hapa mpaka umalize," alisema. "Wewe ukule chakula yako, na Njugu atakula yake."

Alikuwa anatabasamu. Mtu mwingine angeona mkaza mwana mwema anayemjali mkwewe, na angekuwa sahihi. Lakini mimi nilikitazama kile kiti, nikaanza kulia. Kiti hicho nakijua. Nilikikalia kabla Wairimu hajazaliwa.

Ilikuwa miaka ya sabini, kule Mweiga. Uhuru ulikuwa ungali unanukia rangi mpya. Mume wangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa karani Nanyuki na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilifundisha shule ya msingi iliyokuwa karibu. Bomani tulikuwa mimi, watoto, na mama mkwe wangu, ambaye wote tulimwita Cucu, yaani nyanya. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kusoma katika boma lile na sikumwacha mtu yeyote asahau.

Cucu alikuwa mjane tangu wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni. Alilala peke yake katika nyumba yake ya moshi, ila hakuwa peke yake hasa, kwa kuwa alikuwa na paka wa kijivu. Hakumpa jina. Alimwita Nyau, yaani paka, kama vile ulimwenguni hakukuwa na mwingine.

Siku za soko Cucu alikuwa akipita kwa mchinjaji kuomba kipande cha pafu. Alilichemsha kwenye sufuria yake ndogo bila chumvi, akaliacha lipoe, akalichambua kwa vidole na kuligusisha mdomoni kuhakikisha halichomi. Ndipo alimwekea Nyau juu ya jani la mgomba. Mimi nilikuwa nikipita na madaftari yangu na kucheka moyoni. Ati paka anapikiwa.

Wiki iliyopita, Wairimu alipokuwa akinisomea yale maagizo, bila chumvi, bila kitunguu, bila mfupa, nilimwona Cucu waziwazi, kachuchumaa kando ya mafiga na pafu lake mkononi. Hakujua kusoma hata jina lake.

Mwaka ule tulivuna mahindi mengi, na panya walijua. Walitoboa magunia ghalani, wakaingia hata kwenye viazi vya mbegu. Afisa wa kilimo alikuwa ametuambia tuinue ghala na kuvisha nguzo zake mabati ili panya wasipande. Kazi hiyo niliiona kubwa. Nilishika ile kauli ya bure, ambayo kila mtu pale kwetu aliisema: paka akishiba hawindi. Nikapiga marufuku. Nyau asipewe chochote ila maziwa kidogo asubuhi, na alale ghalani, kazini kwake.

Mbwa wetu, Bosi, nilikuwa nimeshamwekea sheria kama hiyo, kwa sababu tuliamini mbwa mwenye njaa ndiye mkali. Kwa siku mbili tatu alikuwa mkali kweli. Kisha alikata kamba na kuhamia kwa mchinjaji sokoni, na kila nilipopita pale alinitazama kama mtu tuliyewahi kusalimiana zamani. Mbwa alihama boma letu na sikujifunza kitu.

Cucu alinionya mara moja tu. Alikuja mlangoni kwangu, leso imefungwa mabegani, akasema kwa Kikuyu chake cha taratibu.

"Mwari wakwa, njaa haifundishi mtu kazi. Wakati wa Emajensi tulichimbishwa mtaro na njaa, na hatukuchimba vizuri."

Mwari wakwa, binti yangu. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu siku nilipoletwa nyumbani kwake. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo, na hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Nilimjibu kwamba mtaro ni mtaro na panya ni panya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa nimeshiba masomo.

Haikupita wiki nikagundua kwamba Nyau analishwa kwa siri. Cucu hakuwa tena na pafu, kwa hiyo alikuwa anampa chakula chake mwenyewe. Nusu ya mukimo wake wa viazi na mahindi yaliyopondwa, nusu ya nyama ya Jumapili. Yeye mwenyewe alikuwa amepungua mpaka mifupa ya mikono ilihesabika.

Hapo ndipo nilipochukua kiti.

Kila jioni, nikishampelekea sahani yake, niliketi mbele yake na kumtazama akila mpaka mwisho. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya afya yake. Labda kidogo ilikuwa hivyo. Lakini niliketi vile nilivyoketi darasani wakati wa mtihani, nikitazama mikono. Mwanamke aliyemzaa mume wangu alikuwa anatafuna na kumeza mbele yangu kama mtoto wa darasa la kwanza, na paka akilia nje ya mlango.

Hakuniambia niondoke. Alikula tu, macho yake kwenye moto.

Basi Nyau akakonda. Manyoya yakasimama, macho yakatoa matongo. Kuwinda kunataka nguvu, na nguvu hakuwa nayo. Panya walipita karibu naye naye akawatazama. Mimi nikasema ni mvivu, tena Cucu amemdekeza. Nikanunua sumu.

Niliichanganya na ugali na mafuta, nikaweka vidonge ghalani. Sikuwa mjinga wa kutojua hatari. Nilimwambia Cucu amfungie Nyau nyumbani kwake siku tatu, asitoke.

"Na atakula nini?" aliniuliza.

"Maziwa yapo," nilisema.

Maneno mawili. Nimeyabeba tangu siku hiyo. Ningeweza kusema mpe pafu. Ningeweza kusema mpe chochote, ni siku tatu tu. Sikusema, kwa sababu sheria ilikuwa yangu na sikutaka kuonekana nimeibadilisha.

Siku ya pili nilitoka shule alasiri nikamkuta Cucu ameketi chini karibu na ghala, Nyau mapajani, amefunikwa leso. Cucu alikuwa ameenda kuokota kuni, na paka akapenya kwenye upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Hakuwa ameshika panya yeyote. Alikuwa amekula ule ugali. Punje zake zilikuwa bado zimemganda kwenye sharubu.

Paka aliyezoea pafu lililopozwa kwa mdomo wa mtu alikula ugali wa panya kwa sababu nilikuwa nimemwacha na njaa.

Nilisimama na madaftari yangu. Nilitaka kusema pole, na nadhani nilifungua mdomo. Cucu aliniwahi.

"Mwalimu," alisema, "siku nitakayoshindwa kulima, utaniambia mapema?"

Aliniuliza kwa upole, kama anayetaka kujua kweli ili ajipange. Niliingia ndani nikasahihisha madaftari yote, kila moja, mpaka la mwisho.

Tangu siku hiyo aliniita Mwalimu. Hakuninunia wala kunisema kwa majirani. Alinisalimia kila asubuhi, alinishikia watoto, aliniombea nilipougua malaria. Lakini lile jina jingine alilizika pamoja na paka chini ya mgomba, na sikulisikia tena. Jirani alipomletea paka mchanga, alimshukuru na kumwambia ampeleke kwa Mwalimu, ndiye mwenye panya.

Badala ya kumwomba msamaha nilimnunulia blanketi zito la rangi ya damu ya mzee. Alilipokea kwa mikono miwili. Miaka kadhaa baadaye, alipougua mara ya mwisho, nilikuwa nikimlisha uji kwa kijiko. Alimeza vijiko vitatu, kisha alinigusa mkono. "Imetosha, Mwalimu." Kila siku nilitumaini kwamba leo atajisahau aniite mwari wakwa. Hakujisahau. Tulipokuwa tukitoa vitu vyake baada ya mazishi tulilikuta lile blanketi chini ya kitanda, bado limekunjwa kama lilivyotoka dukani.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu wangu wameshaanza kunyoa ndevu, na haya bado yananijia upya.

Sasa nielewe mambo vizuri, angalau katika ukurasa wangu huu wa mtandaoni ambao najua watu wanausoma. Njugu si Nyau. Nyau alikufa kwa njaa yangu, na Njugu anaugua kwa huruma yangu. Kila kipande cha ngozi ya kuku ninachokidondosha chini ya meza namtupia paka aliyekufa zamani, na anayekimeza ni huyu aliye hai, mwenye figo mbovu. Kwa paka wote wawili sikuwahi kutazama tumbo la mnyama mwenyewe. Nilitazama moyo wangu tu. Cucu peke yake ndiye aliyemtazama paka.

Wairimu aliponiona nalia alidhani amenikosea. Aliinuka haraka, akaniita Mum mara tatu. Sikuweza kumwacha na dhana hiyo, kwa hiyo nilimsimulia yote kama nilivyoandika hapa, viazi vikipoa. Nilimwambia kuhusu ghala na sumu na yale maneno, maziwa yapo. Sehemu ya kiti niliisema mwisho, kwa sababu ndiyo ninayoionea haya zaidi.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha aliuliza swali moja.

"Na ulimwambia pole?"

"Nilimnunulia blanketi," nilisema.

Alinishika bega, akapeleka sahani jikoni kupasha chakula moto.

Kuanzia kesho kikombe cha Njugu nitakipima mimi, asubuhi na jioni, kisawazishwe kwa kidole. Jumamosi nitamwomba Ndirangu aniletee pafu kutoka buchari, nilichemshe bila chumvi na kuligusisha mdomoni. Nimemuuliza Wairimu kama daktari ataruhusu, akasema kipande kidogo, mara moja kwa wiki. Kidogo nitakubali.

Jioni hii chakula kilipoiva aliniletea sahani yangu, akarudi jikoni. Njugu alikuja kukaa miguuni pangu, akanitazama, nami nikatazama kwingine. Nilisikia miguu ya Wairimu ikirudi. Alivuta kiti kile kile cha mchana, akaketi mbele yangu, nikaanza kujikaza.

Kisha akaweka mezani sahani yake mwenyewe, akachukua kijiko, na akala pamoja nami.

Jioni zote zile nilizoketi mbele ya Cucu, sikuwahi kuja na sahani.